Mbegu Zilizokaushwa Vizuri

Mama yangu hajawahi kupoteza mbegu. Mtaani kwetu hilo linajulikana kama inavyojulikana kwamba mimi nina mdomo. Mahindi, maharage, maboga, bamia, hata zile mbegu za mchicha ambazo ukipiga chafya zimekwenda, zote zilipita kwenye ungo wake. Zilipepetwa, zikaanikwa, zikachanganywa na majivu yaliyochekechwa, zikafungwa kwenye vitambaa alivyovichukua kwangu bila kuuliza, maana mimi ni fundi cherehani na vipande havinipungui. Jirani akiishiwa mbegu wakati wa kupanda anajua mlango wa kubisha. Na mama humpa pamoja na maneno yake: mbegu iliyopita mkononi mwangu haijawahi kukataa kuota. Tulishayazoea. Kila mtu ana jambo lake la kujisifia.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akasikia habari hii akadhani mama alikuwa mzembe. Laiti angekuwa mzembe.

Kaka yangu, fundi bomba, alioa mwanamke wa mimea. Wifi alifanya kazi kwenye jengo moja lenye korido ndefu isiyopata jua, katika chumba kilichojaa makabati ya chuma. Ndani ya makabati mlikuwa na matawi makavu yaliyobandikwa kwenye karatasi ngumu, kila tawi na karatasi yake, pamoja na majani, ua, na tunda kama lipo. Chumba kizima kilinuka vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu kwenye nguo. Aliletewa matawi mabichi kutoka porini, akayalaza katikati ya magazeti, akayabana kwa mbao na mikanda, akabadilisha magazeti kila siku mpaka tawi likauke bila kupoteza sura. Kisha akalibandika. Kijiti kinene gundi haikiwezi, kwa hiyo alikishona kwa sindano na uzi, na uzi huo aliuchukua kwangu. Nilimtania kwamba mimi nawashonea walio hai, yeye anawashonea marehemu. Alicheka. Alikuwa na kicheko cha kuchelewa, kama mtu anayejiuliza kwanza kama anaruhusiwa.

Mama hakumpenda. Nalisema wazi kwa sababu usipolijua hilo hutaelewa kilichofuata. Hakumtukana wala hakumnyima chakula, lakini alimwita Bibi Majani, mbele yake na nyuma yake, na hakuwa na jina jingine kwake. Miaka ilikwenda, mtoto hakupatikana, na mama, mtu wa mbegu, alimtazama wifi kama anavyotazama tuta lililokataa. Wifi akimwamkia, aliitikia. Akimletea zawadi, aliipokea na kuipandisha juu ya kabati, na huko ndiko ilikozeekea. Hakuwahi kumwomba kitu, hakuwahi kumtunzia kitu. Wifi naye akajifunza kutoomba. Ua mmoja, mlango huu na mlango ule, wanawake wawili ambao kazi yao wote wawili ilikuwa kukausha, na hawakuwa na la kuzungumza.

Mimi nilikaa katikati na cherehani yangu barazani, nikisikia ukimya wa pande zote mbili. Mara nyingine nilitamani wagombane tu, watu tupumue.

Mti wa habari hii nilionyeshwa na wifi. Siku moja ya mapumziko aliniambia nifunge cherehani twende, akanipitisha nyuma ya mitaa mpaka kule wanakofyatua matofali, ambako udongo wote ni mwekundu na moshi wa matanuri hauishi. Pembeni, mahali walipokuwa hawajafika kuchimba, ulisimama mkusu. Mimi nilikuwa nimekula makusu utotoni kama kila mtu, yakiletwa na watu kutoka porini, lakini mti wake sikuwahi kuutazama. Ulikuwa na kichwa cha mviringo, majani mapana magumu yaliyobanana kwenye ncha za vijiti, na gome jeusi lililopasukapasuka. Wifi aliuzunguka akiushika. Akaniambia mama yake mzazi alikuwa akimleta hapa akiwa mdogo, enzi ambazo hapa palikuwa msitu, nao walikuwa wakisubiri tunda lidondoke lenyewe, kwa sababu kusu la kuchumwa juu halina utamu wa kusu lililoamua kushuka. Mama yake alikwisha kufa. Msitu ulikwisha kuondoka. Uliobaki ni huu, na makusu yake, alisema, ni matamu kuliko yote aliyowahi kuonja, na ameonja mengi kwa ajili ya kazi.

Kisha akanionyesha mti wa pili, hatua kidogo kuelekea kijito. Huo ni dume, akasema. Kumbe mikusu ina waume na wake kama sisi. Dume linatoa vishada vya maua madogo ya njano, jike linatoa ua mojamoja, lisilo na mapambo. Nyuki wanabeba chavua kutoka huku kwenda kule. Dume halizai hata tunda moja maisha yake yote, lakini bila hilo jike nalo halizai. Na mche ukiota hujui ni yupi mpaka utoe ua, na kutoa ua ni miaka, unaweza kuutunza mti muongo mzima ndipo ukuambie ni nani.

Nikamwambia, basi mti huu una kiburi kama watu wa ukoo wetu. Akacheka kicheko chake cha kuchelewa.

Wafyatua matofali walilikata lile dume mwaka uliofuata, mara tu baada ya maua. Wifi alikwenda kuwaomba. Mkubwa wao, mtu mpole tu, alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamwuliza mti usiozaa una kazi gani zaidi ya kuni. Wifi akamweleza habari ya nyuki na chavua. Yule bwana akatikisa kichwa kwa heshima, na kesho yake likaingia tanurini. Wifi alirudi nyumbani akakaa jikoni kwake bila kuwasha moto. Nilipomwuliza akasema jike lilikuwa limekwisha kushika mimba kabla ya mumewe kukatwa, kwa hiyo litazaa mara hii, na hii ndiyo ya mwisho. Akasema atazingoja hizo mbegu. "Mimi sina mtoto, wifi," akaniambia. "Nataka niache mti."

Tangu hapo nilijua anachokingoja, na nilikingoja naye.

Wakati huo tayari alikuwa anaumwa tumbo. Alilificha, kama alivyoficha kila kitu nyumbani kwetu. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na kwake walisema mara mbili. Makusu yalipoanza kudondoka alikwenda peke yake, akarudi na kikapu kidogo, akafika mpaka mlangoni kwa mama, si kwake, kwa sababu kwa mama ndiko karibu zaidi na geti, na hapo akaanguka. Mimi niliona kutoka barazani. Alikuwa ameshika kikapu kwa mikono miwili, hakukiachia. Mama akatoka. Na wifi, ambaye hakuwahi kumwomba mama hata chumvi, akamnyooshea kikapu akasema, "Mama, nitunzie mbegu zangu."

Kaka aliitwa, gari likapatikana, wakaenda hospitali. Hawakurudi siku hiyo wala wiki hiyo. Madaktari walikuta uvimbe, wakampasua, akapata homa, ikawa leo nafuu kesho taabu. Kaka akahamia kwenye benchi la wodini. Nani angekumbuka makusu?

Mama alikumbuka.

Nilimwona akiyamenya kwa kidole gumba, taratibu, akitoa mbegu kwenye ule utomvu mtamu unaonata. Kila tunda lilikuwa na mbegu tatu au nne, nyeupe, zenye mgongo ulioinuka katikati. Aliziosha kwenye maji matatu mpaka hazitelezi. Akachagua, zenye dosari akazitupa. Akaleta ungo wake mkubwa, ule ambao sisi watoto tulikatazwa kuugusa, akaziweka, akazianika kivulini kwanza zisipasuke, halafu juani. Jua lilikuwa kali kati ya mvua na mvua. Wingu likitokea tu, mama alikuwa ameshanyanyua ungo kabla mimi sijanyanyua nguo kwenye kamba. Jioni alizigeuza moja moja. Nilimwambia mama, hizo ni mbegu au ni mayai? Akanijibu niendelee kushona.

Nikuambie nilichofikiri. Nilifikiri, hatimaye. Yule mwanamke alikuwa ameomba kitu, na mama, ambaye hajui kusema pole wala nisamehe, alikuwa anakijibu kwa ungo. Nilifurahi. Zilipokauka sawasawa alichekecha majivu, akazichanganya, akaja kwangu kuchagua kitambaa. Kwa mara ya kwanza hakuchukua kipande tu. Alichagua. Alitaka kile cha maua ya bluu kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja, akanitaka nikate vizuri na kupindapinda kingo. Akazifunga, akaziweka kwenye kopo, kopo kwenye sanduku lake. Nia njema ni tabibu, huwa wanasema. Anayesema hivyo hajauona mkusu.

Siku moja kaka alikuja kubadilisha nguo akapitia njia ya matofali. Alituambia akiwa amesimama, hakutaka kukaa: lile jike limekatwa, kimebaki kisiki na majani yametapakaa. Mama akasema si neno, mbegu zipo.

Walimrudisha wifi nyumbani si kwa sababu amepona. Daktari alimwita kaka pembeni, akaongea naye kwa sauti ya chini, na kaka akatutazama sisi huku anamsikiliza yeye. Kaeni naye nyumbani, ndivyo alivyoambiwa. Tukamtandikia sebuleni kwa kaka, karibu na dirisha. Alikuwa amebaki macho na mifupa. Alijua hali yake, na habari ya mti kaka alikuwa ameshamweleza, maana hawakuwa watu wa kudanganyana.

Jioni ileile mama akaingia na kile kifurushi. Sijawahi kumwona mama akiwa na haya, lakini siku ile aliingia kama mkwe anayekuja ukweni. Alikaa ukingoni mwa godoro. Alikitikisa kifurushi karibu na sikio la mgonjwa, na mbegu zikalia ndani ya kitambaa, kavu, nyepesi, kama njuga.

"Sikia," mama akasema. "Sikupoteza hata moja. Nimekukaushia mpaka ndani."

Wifi alikipokea. Alikishika kifuani, akafunga macho. Kisha akasema ahsante mama, ahsante sana, hakuna mtu aliyewahi kunitunzia kitu hivi. Na machozi yakaanza kumtoka, mengi, yakaingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. Mama akaniambia dawa imemwishia nguvu, yale ni maumivu. Akaenda mwenyewe kuleta kidonge na maji, akamwinua kichwa, akamnywesha. Wifi akameza. Mama akamfuta uso kwa ncha ya kanga yake, akatoka akiwa mwepesi kuliko alivyoingia.

Ndipo wifi akaniomba mkasi wangu mdogo. Alifungua fundo, akapuliza majivu, akachagua mbegu moja nzuri kuliko zote, akaipasua. Akaninyooshea kiganja. Ndani palikuwa na kitu cha kahawia kilichonywea, kikavu kama ganda la karanga.

Aliniambia kwa sauti ya kawaida, kama siku ile ya dume na jike. Mbegu nyingi, alisema, ukizikausha zinalala, na ukizilowesha zinaamka. Mahindi ni hivyo, maharage ni hivyo, mbegu zote za mama ni hivyo. Lakini ipo miti ya msituni ambayo mbegu yake haijui kulala. Imezoea kudondoka kwenye majani mabichi na kuota palepale. Ukiikausha hailali, inakufa. Mbegu ya mkusu ilitakiwa iingie udongoni ikiwa bado na maji yake, ndani ya siku chache. Mama angeziacha kwenye kikapu, chafu, na tunda linaoza juu yake, huenda baadhi zingepona.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilisimama. Nilitaka kwenda kwa mama na ile mbegu. Nilitaka kumwambia aone mikono yake inayosifiwa imefanya nini. Nilitaka pia kwenda kuwatafuta wale wa matofali, na daktari, na sijui nani mwingine. Wifi alinishika pindo la gauni. Hakuwa na nguvu hata ya kumzuia kuku, lakini nilisimama.

"Usimwambie," akasema.

Nikamwuliza kwa nini tumfichie.

"Mama yako hajawahi kunitunzia kitu. Hiki ndicho cha kwanza, na amekitunza kwa kila anachokijua. Sasa nimwite nimwambie amekiua?" Akapumzika kidogo. "Tutazipanda. Mimi na yeye. Nikiondoka atakuwa na kitu cha kumwagilia."

Nikasema hazitaota. Akasema anajua hazitaota. Akanirudishia mkasi na kuniomba nimfungie kifurushi kama kilivyokuwa, na niipoteze ile iliyopasuliwa.

Walizipanda siku mbili tatu baadaye. Kaka aliagizwa udongo kutoka chini ya kile kisiki, kwa sababu wifi alimweleza mama kwamba mkusu una kuvu yake ya mizizini, inayousaidia kula, na udongo mgeni hauna. Mama alilikubali hilo upesi. Mbegu na udongo wa kwao, akasema, kama mtu. Tulimtoa wifi uani kwenye kiti cha mkeka, mama akakaa chini miguuni pake, wakajaza viriba vya plastiki, vile virefu vyeusi vya kuoteshea miche. Wifi alionyesha kina cha kupanda, kifundo kimoja cha kidole tu, na upande gani ulale chini. Mama, aliyezika mbegu maisha yake yote, alifuata kama mwanafunzi. Nilipiga cherehani kwa nguvu ili nisiwasikie. Lakini niliwasikia.

Mama aliongea. Aliongea habari ambazo hata mimi bintiye sikuwahi kusimuliwa, za mama yake yeye, aliyemfundisha kukausha mbegu wakati wa njaa moja kubwa, na jinsi walivyolala na kibuyu cha mbegu katikati yao, watoto wanalia njaa na hakuna aliyegusa. Ndiyo maana hapotezi. Wifi naye akamsimulia habari za mama yake mzazi na kusubiri makusu yadondoke. Wakacheka mahali fulani, wote wawili. Mama akamwambia, kumbe wewe unaongea. Wifi akamjibu, mama, hukuniuliza.

Kukawa na utaratibu. Asubuhi mama alichota maji kwenye pipa kwa kopo alilolitoboa matundu chini, akapita kwenye viriba, halafu akampelekea wifi habari. Bado, alisema. Mkusu una mambo yake, wifi alimjibu, tusiuharakishe. Kisha mama alikaa. Alianza kwa kukaa kidogo, akaishia kukaa mpaka mchana. Alimpikia uji ambao haukuwa umeombwa, kwa sababu mgonjwa haulizwi uji, akamnywesha kijiko kwa kijiko na kumlaumu kwa kula kama ndege. Zile zawadi za juu ya kabati zilishuka. Siku moja nilimkuta mama amejifunga leso aliyoletewa na wifi sijui miaka mingapi iliyopita, bado ina mikunjo ya dukani. Sikumtania. Hata mimi kuna mambo siyagusi.

Kila nilipotaka kusema, nilimtazama wifi. Naye alinitazama. Nikarudi kwenye uzi wangu.

Alifariki asubuhi, mama akiwa uani na kopo mkononi. Kaka ndiye aliyetoka mlangoni, akakaa kwenye kizingiti. Mama alimaliza safu aliyokuwa anaimwagilia. Ndipo akaweka kopo chini, akaenda.

Tulizika. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka, na nyumba ikabaki na viti vingi kuliko watu. Kaka alirudi kazini mapema, akisema mabomba ya watu hayawezi kungoja. Jioni nilimkuta amekaa sebuleni, magazeti ya kukaushia mimea mapajani, anayakunja na kuyakunjua. Mama hakulia sana. Aliamka, akachota maji, akamwagilia viriba, akasimama akivitazama. Kesho yake hivyo hivyo. Mvua ilikata, upepo wa kiangazi ukaanza kupuliza vumbi kwenye nguo za wateja wangu, mama anamwagilia.

Kuna siku alinipigia kelele nitoke upesi. Kwenye kiriba kimoja cha pembeni palikuwa na kichwa cha kijani. Mama alikuwa amepiga magoti. Sijui kama nitaweza kueleza nilivyojisikia, maana kwa dakika moja nzima niliamini, mimi niliyeiona ile mbegu imepasuliwa. Mama alikijengea kivuli cha vijiti na gunia, akawakataza kuku kwa majina wasikiguse. Baada ya siku chache kikatoa majani ya pili, na mama, anayeujua mchicha tangu tumboni mwa mama yake, akakijua. Hakuking'oa palepale. Alikiacha mpaka jioni.

Jirani mmoja, mwenye genge la nyanya, alipita akasema kwa utani kwamba siku hizi mama analima maji. Nilimwambia akaangalie nyanya zake zinazooza. Hakunisalimia mwezi mzima, na sikuumia.

Halafu ikaja asubuhi ambayo sikusikia kopo. Nilikuwa barazani napachika vifungo. Mama alikuja taratibu, akakaa kwenye kibao cha wateja, akafungua kiganja. Palikuwa na mbegu, ina udongo wa kisiki bado. Alikuwa ameipasua kwa kucha, kama anavyopima mbegu zote.

"Imekauka mpaka ndani," akasema.

Niliendelea kushona kifungo ambacho nilikuwa nimeshakimaliza.

"Nimefukua nyingine. Na nyingine. Hazikuoza. Mbegu iliyokufa udongoni huoza na kunuka, naijua. Hizi ziliingia udongoni zimeshakufa." Aliigeuza kwa ncha ya kidole. "Niambie. Nilizikausha vibaya?"

"Hapana, mama," nikasema. "Ulizikausha vizuri."

Ilikuwa kweli tupu, na mama si mtoto. Gari la maji likapita, watoto wa shule wakapita. Niliona jambo likimfika polepole, kuanzia mikononi. Vidole vilijikunja vikaifunika ile mbegu.

"Zilikuwa hazitaki jua," akasema.

"Hukujua."

"Sikujua. Yeye je?"

Nilikuwa nimeahidi. Nikasema naye hakujua. Nilisema haraka, na nikakata uzi kwa meno ili nisimtazame.

"Yule?" mama akasema. "Mtu aliyejua mti mume na mti mke kwa kutazama ua? Usinidanganye, mwanangu, mimi nimeshazeeka." Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa imechoka tu. "Siku nilipompelekea, alilia. Nikafikiri ni maumivu. Nikamletea kidonge."

"Ndiyo, mama."

"Na akakimeza."

Hapo ndipo mama yangu alipolia. Hakulia hivyo hata siku ya kuzika. Alilia akiwa ameinama juu ya ngumi yake, kwa sauti nene nisiyoijua, na mimi niliacha gauni la watu likaanguka chini nikamshika. Alikuwa akisema maneno yaleyale, alikimeza, mke wa mwanangu alikimeza nisijue. Sikuwa na methali wala utani. Nililia naye mpaka mteja aliyefika kuchukua nguo zake akageuza njia bila kubisha.

Baadaye aliinuka. Akajifunga leso upya, ile ya mikunjo ya dukani. Alirudi uani, akairudisha mbegu kwenye kiriba chake, akaifukia kina cha kifundo cha kidole, upande alioonyeshwa ukiwa chini. Kisha akaenda kwenye pipa. Nikamwambia mama, acha, hazitaota, umeziona mwenyewe.

"Yeye alizipanda akijua," akasema. "Na mimi sasa najua."

Pipa lilikuwa limepungua, maji yako chini ambako mkono wake haufiki. Nikamchotea.